Hostia za Uwele

Mimi ndiye niliyekuwa naoka hostia. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi watu wa kwetu wakisimulia miaka ya Mdachi husema hostia "zilikuwa zinatoka misheni", kana kwamba zilikuwa zinaota ukutani. Hazikuota. Ziliokwa na mikono hii, jikoni kwa padre, na moshi wa jiko lile ndio ulioniharibia jicho la kushoto. Anayetaka kubishana nami habari za hostia na aje na jicho lake.

Misheni yetu ilikuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka stesheni ya Dodoma, upande wa Hombolo. Kanisa lilikuwa tembe kama nyumba zetu zote, paa la udongo, ila refu zaidi na lenye msalaba mbele. Padre alikuwa Mdachi, mtu mrefu na mpole. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha wengi wetu, maana sisi wenyewe Kiswahili tulikuwa tunajifunzia hapo hapo misheni. Mwenzake alikufa kwa homa, akabaki yeye na vitabu vyake, punda wake na sisi. Nilimpenda kama baba yangu mzazi. Nalisema hili wazi ili ijulikane ninalalamikia nini.

Kuoka alinifundisha mwenyewe. Kulikuwa na chuma maalumu kilichotoka Ulaya, sahani mbili nzito zenye mikono mirefu, unazifungua na kuzibana kama koleo la mhunzi. Ndani ya sahani moja palichorwa msalaba. Unakoroga unga wa ngano na maji matupu, bila chumvi wala hamira, unamwaga kijiko kimoja, unabana juu ya moto, unasali Baba Yetu mara moja, unafungua. Kisha unakata. Moja kubwa ilikuwa ya padre, ile aliyoiinua juu wakati wa misa, na ndogo ndogo zilikuwa zetu. Unga ulikuja kwa reli kutoka pwani, ndani ya debe lililozibwa vizuri, na ufunguo wa kabati la debe lile alikuwa nao padre peke yake.

Alinifundisha pia cha kuamini. Nikimaliza kuoka, alisema, kilicho mkononi mwangu ni mkate. Yeye akishayasema maneno ya Bwana juu yake altareni, si mkate tena. Macho yataona mkate, ulimi utaonja mkate, lakini ni Bwana mwenyewe, mzima. Wako waliopata shida na fundisho hilo, wakaenda na kurudi kwenye mafunzo miaka mitatu. Mimi sikupata shida hata kidogo. Nilijua kuliko wote kwamba ule ulikuwa unga na maji, nilikuwa nimeukoroga asubuhi yake, na bado kengele ilipolia nilianguka magoti kwa moyo wote. Sijui kuieleza imani zaidi ya hapo.

Na yeye padre aliamini, au niseme tulimwona akiamini. Jumapili moja kipande kidogo cha hostia kilidondoka kutoka kinywani mwa mzee mmoja asiye na meno. Padre alisimamisha kila kitu. Akapiga magoti kwenye udongo, akakitafuta, akakila, akaagiza maji, akapaosha pale mahali, akapakwangua. Kanisa zima hakuna aliyekohoa.

Mama yangu hakuwepo siku ile. Mama alibatizwa pamoja nami baada ya baba kufariki, na Jumapili alikuja, lakini komunyo hakupokea. Alikuwa mpika pombe ya uwele, hodari, mdomo wake mkali kuliko pombe yenyewe. Kwetu mgeni hapewi kibuyu mpaka mwenye pombe amepiga funda la kwanza mbele ya watu wote, kutoka kibuyu kile kile. Ndiyo adabu, na ndiyo kuondoa mashaka. Asiyefanya hivyo pombe yake hainywewi, hata iwe nzuri namna gani. Mama alisema padre ana adabu nusu: anakula kwanza, sawa, lakini anakula chakula ambacho yeye mama hakijui shamba lake.

"Hiyo ngano nimeilima wapi?" aliniuliza. "Nimeipepeta lini? Siku huyo Mungu wenu akiingia kwenye uwele, mwanangu, uje uniite. Nitakuja mbio."

Kisha akacheka. Mama alikuwa na tabia ya kucheka utani wake kabla ya mtu mwingine. Mimi sikucheka, kwa sababu nilitaka sana ampokee Bwana kabla hajafa. Lilikuwa ombi langu la kila siku, sikuwa na lingine kubwa.

Vita vya Wadachi na Waingereza vikaja. Wanaume wakachukuliwa kubeba mizigo ya askari, mume wangu mmojawapo, na hakurudi. Reli ikawa ya askari na mizinga. Meli hazikuingia tena pwani, na ngano iliyolimwa humu nchini ililiwa na jeshi. Debe la padre likawa linatoa mlio wa bati tupu kila nilipochota.

Asubuhi moja, wiki chache kabla ya Pasaka, alinikuta jikoni. Akachungulia ndani ya debe, akalifunika.

"Ngano hii iliyobaki," akasema, "utaniokea hostia yangu kubwa tu. Za waumini utaoka kwa uwele."

Nilibaki na kata mkononi. "Inawezekana, Padre?"

"Mungu aliyeumba ngano ndiye aliyeumba uwele, binti yangu."

Miaka mingi baadaye nimekaa nikayapima maneno yale. Hayana uongo ndani yake hata chembe. Niliuliza kama inawezekana, naye akanijibu nani kaumba nini. Lakini asubuhi ile nilisikia "ndiyo", kwa sababu nilitaka kusikia ndiyo. Nilifurahi mpaka nikakaa chini. Bwana alikuwa anakuja kwenye nafaka yetu, ile iliyosagwa na bibi zetu, ile tuliyoifukuzia ndege mashambani tukiwa watoto.

Kazi haikuwa rahisi. Uwele haushikani. Nilibana chuma, nikafungua, nikapata makombo ya kijivu. Nikasaga upya, nikachekecha kwa kitambaa, bado makombo. Siku ya nne nilipata akili: nilipika kwanza uji mzito wa unga ule ule, nikauacha upoe, nikaukorogea unga mkavu. Chuma kilipofunguka, hostia ilitoka nzima, ya kijivu, na msalaba wake ukiwa umesimama vizuri kabisa. Niliibusu kabla ya kuikata. Najua ilikuwa mkate tu wakati ule, lakini niliibusu.

Nilimkimbilia mama.

"Ameingia," nikamwambia.

"Nani?"

"Bwana. Ameingia kwenye uwele. Ulisema nikuite."

Mama aliacha kupepeta. Alinitazama muda mrefu aone kama namtania, kisha akafuta mikono. "Basi maneno yangu yamenikamata," akasema. Akaenda kwenye mafunzo, akaungama, na siku ya Pasaka akapiga magoti mbele na kufungua kinywa. Siku ile kanisa lilijaa mpaka nje. Walikuja hata watu waliokuwa wametuacha, maana habari ilikuwa imeenea kwamba Mungu wa misheni sasa anakula nasi. Padre aligawa akiwa ameinamisha macho. Nikasema moyoni, ona alivyoguswa.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani mama akaniuliza, "Mbona padre wenu kala ile nyeupe? Mwenye pombe hanywi kibuyu kingine."

"Tumbo la Mzungu, mama," nikamjibu. "Haliwezi uwele."

Akacheka, akaridhika. Na mimi ninayejibu hivyo ndiye niliyekuwa namsongea padre ugali wa uwele kila siku mchana, tangu unga wa ngano ulipoanza kupungua. Aliumega na mlenda kama Mgogo yeyote, akaomba na ukoko. Nililijua hilo wakati mdomo wangu unasema tumbo la Mzungu. Mtu akitaka kudanganywa husaidia.

Njaa ikaja vita vikiwa bado vinaendelea. Askari walipita wakachukua akiba, wakapita wengine wakachukua mbegu. Mama akaanza kuvimba miguu, kisha akalala. Alipoona hatanyanyuka tena hakuomba chakula. Aliomba padre.

Padre alikuja kwa miguu, punda alikuwa ameshachukuliwa na jeshi. Nilikuwa nimemfuata mwenyewe misheni, na nilimwona akifungua kopo la bati rafuni jikoni, karibu na chumvi, akatoa hostia moja, akaifunga kwenye kitambaa. Zamani hostia za wagonjwa alizitoa kwenye kisanduku cha altareni, chenye taa mbele yake, akipiga goti kabla na baada. Nililiona hilo pia. Nikasema ni haraka, ni vita.

Alimpaka mama mafuta, akamsalia, akamwekea hostia ulimini. Mama alifumba macho, akaila polepole. Padre alipoondoka, mama akalivuta sikio langu karibu.

"Nimekula cha kwetu," akasema. "Nikifika huko sitakuwa mgeni."

Alifariki kesho yake mchana. Nililia kama binti yeyote, lakini chini ya kilio kulikuwa na furaha ambayo sikumwonyesha mtu. Ombi langu lilikuwa limejibiwa. Mama aliondoka na Bwana ndani yake.

Mwezi haukupita. Jumapili moja baada ya misa nilizunguka nyuma ya kanisa kwenda kuchukua kikapu cha hostia. Mlango wa sakristia, chumba cha nyuma alimovalia padre, ulikuwa wazi. Padre alitoka na kile kikapu, akakigeuza, akakikung'uta kwa kiganja. Makombo ya kijivu yakamwagika chini. Kuku wawili wa misheni, waliosalimika na askari sijui kwa sala gani, wakaja mbio wakaanza kudonoa. Padre alisimama akawatazama. Hakuwafukuza. Aliwatazama hivi hivi, mtu aliyechoka anayetazama kuku wake wakila.

Nikarudi nyuma kabla hajaniona. Nilikaa kwenye kivuli cha ukuta, na mambo yote niliyokuwa nimeyaona kwa mwaka mzima yakaanza kupanga foleni. Kikapu chetu kilichokaa kwenye meza ya pembeni misa nzima, kisiwekwe altareni. Magoti aliyoyapiga mbele ya ile yake kubwa, na ambayo hakuyapiga mbele ya zetu. Kopo karibu na chumvi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimeifua nguo hiyo na kuipiga pasi mwenyewe.

Nilimkuta barazani alasiri anashona kiatu. Alinionyesha kigoda, sikuketi.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre."

"Milele amina, binti yangu."

"Padre, mama yangu ulimpa nini?"

Nadhani alifikiri ni msiba unanisumbua. "Nilimpaka mafuta matakatifu," akasema taratibu. "Nikamwombea."

"Na baada ya mafuta?"

Sindano ikasimama. "Nilimpa faraja."

"Sikuulizia faraja. Kile ulichomtia mdomoni kilikuwa nini?"

Alikitazama kiatu. "Mkate," akasema. "Mkate uliobarikiwa."

"Siyo Bwana."

"Kanisa linataka ngano. Si mimi niliyeweka sheria hiyo, wala siwezi kuigeuza. Pasipo ngano maneno yale hayafanyi kitu. Ndiyo maana sikuyasema kamwe juu ya zile zenu. Nisingethubutu kuyafanyia mchezo."

Alilisema hilo la mwisho kama sifa. Alitaka nione kwamba ameyaheshimu maneno. Aliyafanyia heshima maneno, akatufanyia mchezo sisi.

"Tangu Pasaka ile?"

"Tangu Pasaka ile."

"Na ulitutazama tukipiga magoti."

Hapo akaniomba nimsikilize, nami nikamsikiliza, kwa kuwa nilikuwa nimelelewa. Akasema watu walikuwa wamekufa moyo. Wengine walikuwa wanarudi kwenye matambiko ya mvua, wengine wanawafuata Waprotestanti wa Mpwapwa. Angesimama altareni na kusema Jumapili hii hakuna, na ijayo hakuna, kanisa lingebaki na yeye na popo. Alitaka kutushika pamoja mpaka ngano irudi. Mwisho akatumia hata msemo wetu. "Mwenye njaa hana miiko," akasema.

"Huo ni msemo wa tumbo, Padre. Sisi njaa tunaijua. Tumezaliwa nayo, tunajua kuingojea mvua miezi minane. Ungetuambia hakuna, tungengoja. Ulitufundisha kumwamini tusiyemwona, halafu wewe ukashindwa kutuamini sisi unaotuona kila siku."

Aliuvuta uzi wa kiatu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Bwana aliipokea hamu ya mama yako. Aliyetamani kumpokea kwa moyo safi, kwake ni kama amempokea."

Labda ni kweli. Nimewauliza mapadre wengine tangu hapo, nao wamesema hivyo hivyo, na usiku na mchana naomba iwe kweli. Lakini siku ile nilikuwa na swali moja lililobaki, na nililitoa.

"Kama hamu inatosha, wewe kwa nini ulijiwekea ngano?"

Akaanza kunieleza kwamba bila padre kupokea misa haikamiliki. Nikamkatiza. Sikuwahi kumkatiza padre kabla ya siku ile.

"Ulitufundisha kwamba kwenye kipande kilicho kidogo kabisa yumo mzima. Wewe mwenyewe ulipiga magoti ukakitafuta kile cha mzee kwenye vumbi. Kila siku ulikuwa na ile yako kubwa, mkononi, ya kweli. Ungemmegea mama, Padre."

Kiatu kilimwanguka. Nilimwona akilifikiria jambo hilo, na uso wake ulinitisha, kwa sababu niliona si mara yake ya kwanza kulifikiria.

"Ningemmegea mmoja," akasema, "wote wangeuliza kwa nini yake ni nyeupe."

Nilirudi nyumbani. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, wanasema, na sisi tulikuwa hata hatujala naye. Wiki ile sikuwasha jiko la misheni, sikumsongea ugali, sikujibu salamu ya mtu. Nilikaa nyumbani kwa mama nikavunja vyungu vyake viwili vya pombe. Sikuvivunja kwa sababu yoyote ya maana.

Waingereza walikuwa wameshaichukua Kondoa, na kila mtu alijua Dodoma itafuata na Wadachi wote watachukuliwa, mapadre pia. Jumapili ilipofika nilienda kanisani nikiwa nimeamua kukaa nyuma kabisa nisiinuke. Niliona meza ya pembeni haina kikapu. Padre hakuwaambia watu lolote, si kuhusu mwaka ule wala kuhusu uwele, na mpaka leo hilo sijamsamehe. Aliinua hostia yake kubwa ya ngano, ya mwisho niliyowahi kumwokea, tukapiga magoti. Kisha akainamia altare akawa anamega. Alimega muda mrefu kuliko desturi, mpaka watu wakaanza kutazamana. Alipogeuka alikuwa ameshika sahani yenye vipande vidogo vidogo, akashuka kugawa.

Hasira iliniambia nikae. Ilikuwa na haki. Lakini hasira yangu yote ilitoka kwenye kuamini; kama ningekuwa siamini kwamba yule kweli ni Bwana, ningekasirikia nini? Vipande vya mkate wa Mzungu? Nilikuwa sijampokea kwa mwaka mzima na zaidi, bila kujua, na sasa nilijua, na mwili wote uliniuma kwa kumtaka. Nikainuka. Nilipita kati ya watu waliokuwa wakinung'unika kwamba leo wamegawiwa kidogo sana. Nikapiga magoti mwisho wa mstari.

Padre alifika kwangu. Hakunitazama usoni. Aliyasema maneno yake ya Kilatini, akabonyeza kidole juu ya ulimi wangu, akapita. Sikuhisi kitu. Nilifumba mdomo, nikakitafuta kipande kwa ulimi, juu, pembeni, mpaka nikakipata kimenasa kwenye ufizi. Nilianza kulia kwa sauti, na mwanamke wa pembeni yangu akanishika bega akidhani ni ibada. Kilikuwa kidogo kuliko punje moja ya uwele, na kingemtosha mama.